F_CPU Haiendeshi Chipu

Nitaanza na lile lile la siku zote, mtanivumilia. Kuandika F_CPU 16000000 juu ya programu hakuifanyi ATmega328P, ile chipu ya kompyuta ndogo iliyomo kwenye Arduino Uno, ikimbie megahezi 16. F_CPU ni taarifa ya kasi ya chipu unayompa kompaila, mfasiri wa programu yako, naye ni karani tu: umemwambia 16, kaandika 16, kapiga hesabu zake zote za delay (kusubiri) na siriali (mawasiliano na kompyuta) kwa hiyo 16. Hakwenda kuitazama chipu.

Chipu mpya huendeshwa na osileta (kipiga mapigo ya saa) ya ndani ya megahezi 8, na fyuzi ya CKDIV8 inaigawa kwa 8; fyuzi hapa ni biti ya mipangilio inayobaki hata umeme ukizimwa. Inabaki megahezi 1. Ukisoma fyuzi ya chini, baiti yenye mipangilio ya saa, utakuta 0x62. Basi karani akidanganywa kuwa ni 16, delay ya sekunde 1 itachukua 16, na siriali ya biti 9600 kwa sekunde itatoka kwa 600. Kwenye skrini utaona takataka, na wewe utaanza kubadilisha waya. Waya una kosa gani?

Kupima hakuhitaji osiloskopu. Washa LED kwa delay ya sekunde 10, shika simu uhesabu. Ikikaa sekunde 160 kabla ya kuzimika, jibu unalo.

Najua kuna mkono umeshainuka huko nyuma: mbona Arduino Uno yangu haina shida hiyo? Haina kwa sababu kuna mtu alishakuwekea fyuzi 0xFF, yaani tumia kristali ya nje, kabla hujainunua. Nunua chipu ile ile peke yake, ichomeke kwenye bredibodi, uone kama kuna aliyekuwekea.

Haya, tuweke. Kristali ya megahezi 16 kwenye miguu ya 9 na 10, karibu na chipu kadiri inavyowezekana, na kapasita ya pikofaradi 22 kutoka kila mguu kwenda graundi. Kisha andika fyuzi kwa programu ya avrdude:

avrdude -c usbasp -p m328p -B 10 -U lfuse:w:0xFF:m

Hiyo -B 10 msiifute. Saa ya programa, kifaa kinachoiandikia chipu, lazima iwe chini ya robo ya saa ya chipu; kwa megahezi 1, ni chini ya kilohezi 250. Ukienda mbio zaidi, avrdude itadai haioni chipu, na chipu nzima itaishia kwenye pipa la taka. Jambo jingine: kwenye fyuzi, 0 ndiyo "imewekwa" na 1 ndiyo "haijawekwa". Waliopanga hivyo wana sababu zao. Ukitaka 0xE2 (osileta ya ndani, megahezi 8 bila kugawa) ukaandika 0xE0, chipu itakaa kimya ikingoja saa kutoka nje. Haijafa. Ipelekee mawimbi ya mraba ya megahezi 1 kwenye mguu wa 9, uiandikie upya.

Usahihi sasa, haraka. Osileta ya ndani, kama ilivyotoka kiwandani, inaweza kukosea asilimia 10: saa 2 na dakika 24 kwa siku. Rezoneta ya seramiki, aina iliyomo kwenye Uno, asilimia 0.5: dakika 7 na ushee. Kristali ya sehemu 20 kwa milioni: sekunde 1.7. Halafu mtu ananunua kristali nzuri, anapanga Taima 1, kihesabu cha ndani ya chipu, katika hali ya CTC (kurudi sifuri kikifika kikomo) kwa mgawanyo wa 256, na kuandika kikomo OCR1A = 62500 ili apate sekunde 1. Ni 62499! Taima huanza kuhesabu kwenye sifuri. Hiyo moja ya ziada ni sekunde 1.4 kwa siku, karibu sawa na kosa la kristali yenyewe, na umejiletea bure.

Naonyeshwa saa. Anayetaka saa ya ukutani atumie kristali ya hezi 32,768 na Taima 2 kwa mgawanyo wa 128. Itafurika, yaani itajaa na kurudi sifuri, kila sekunde kamili. Lakini kristali hiyo inakalia miguu ile ile ya 9 na 10, kwa hiyo prosesa irudi kwenye osileta ya ndani, fyuzi 0xE2. Weka biti ya AS2 (inayoipa Taima 2 saa ya kristali) kwanza, ndipo uandike TCNT2 (hesabu yake) na TCCR2B (mgawanyo wake), kisha subiri biti za kungoja kwenye rejista ya ASSR zishuke. Na ukiwasha umeme, ipe kristali sekunde 1 nzima iamke kabla hujaanza kuhesabu.