Kubadilisha Trasti Ukiwa Hai: Penye Saini na Pasipo Saini

Wazee wangu, kina mama, ndugu zangu, habari za jioni. Nimeombwa nizungumze na wale wenye nyumba hapa California ambao wamekwisha kuandikisha trasti ya familia, yaani hati inayoweka mali mikononi mwa msimamizi kwa faida ya watakaoirithi, ile ambayo mwenyewe anaweza kuibadili au kuivunja maadamu yu hai na ana akili timamu. Namna ya kuianzisha wengi mnaijua, maana ndiyo inayowaepusha watoto na mlolongo wa mahakama ya mirathi. Leo nitakaa kwenye mabadiliko tu, kwa sababu hapo ndipo ninapoona familia zikiumia.

Mambo hubadilika. Mtoto wa mwisho kazaliwa hati ikiwa imekwisha kusainiwa. Shemeji uliyemtaja awe mdhamini, yaani msimamizi wa trasti, baada yako kahamia Muscat. Basi mtu anaitoa hati kabatini, anakata jina kwa kalamu, anaandika jingine pembeni, anairudisha na kulala usingizi mzito.

Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ya California iliamua kesi ya mtu aliyefanya karibu hivyo hivyo. Aliugua kansa, akaandika mabadiliko kwa mkono juu ya hati yake, akampelekea wakili pamoja na kijikaratasi cha kubandika. Mauti yakamkuta kabla hajasaini marekebisho rasmi. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, lakini mahakama ikasema mabadiliko yale hayakusainiwa, na kile kijikaratasi hakiwezi kusimama badala ya saini. Aliyekusudiwa kupewa fungu kwa mabadiliko yale akalikosa. Kesi hii hunisikitisha kila ninapoisoma, kwa kuwa karatasi moja tu iliyosainiwa ingemaliza kila kitu.

Sheria yenyewe haina mafumbo. Unaweza kufuata njia iliyotajwa ndani ya trasti yako, au njia ya sheria ya jimbo: maandishi yaliyosainiwa na mwenye trasti, yakamfikia mdhamini, mwenye trasti akiwa bado hai. Njia hii ya pili huzibwa pale hati inaposema waziwazi kwamba njia yake ndiyo pekee. Februari 2024 Mahakama ya Juu ya California ilithibitisha hivyo, katika kesi ya marekebisho yaliyosainiwa bila kupita kwa notari, yule ofisa anayethibitisha saini, ingawa hati ilitaja uthibitisho wa aina hiyo. Marekebisho yalipona. Hata hivyo, nani kati yenu anataka wanawe wafikishane Mahakama ya Juu? Fungueni ukurasa unaoeleza jinsi ya kubadili, mfuate unavyosema, na notari mwoneni hata kama hati haikumtaja.

Wanandoa, nisikilizeni hapa. Mali mliyochuma pamoja ikiwa ndani ya trasti, kwa kawaida mmoja wenu anaweza kuivunja peke yake kwa upande wa mali hiyo, lakini kuibadili kunataka ridhaa ya wote wawili. Na mtoto uliyempa hati ya uwakilishi, ile inayomruhusu kutenda kwa niaba yako, hata awe mwaminifu namna gani, hawezi kukubadilishia trasti isipokuwa trasti yenyewe imemruhusu kwa maneno bayana.

Marekebisho yakishakuwa matatu au manne, mimi hushauri hati nzima iandikwe upya, ila jina la trasti na tarehe yake ya mwanzo vibaki vilevile. Nyumba yako imesajiliwa kwa jina na tarehe hiyo. Ukivunja trasti na kufungua mpya, itabidi uhamishe kila hati ya nyumba na kila akaunti ya benki, na kinachosahaulika ndicho kitakachowapeleka watoto mahakamani.

Limebaki la kiwanja cha Tanga au shamba la Kisii. Ardhi hufuata sheria ya nchi ilipo, kwa hiyo karatasi utakayoongeza kwenye trasti ya huku haitamhamishia mwanao hati ya kule. Andikeni wosia wa huko, kwa wakili wa huko. Lakini mwambieni kwamba mna trasti California, kwa sababu wosia mwingi huanza kwa kufuta wosia zote na nyaraka nyingine za urithi zilizotangulia. Sentensi hiyo iwekewe mpaka: ihusu mali ya nchi ile tu.