Pesa inavyopita uani kwenye siasa za Marekani

Habari za huko nyumbani, na poleni na majukumu. Leo ni pesa na siasa za Marekani, na kabla sijaanza naomba mtoe kichwani picha ya bahasha. Kwetu ukitaja pesa za uchaguzi mtu anaona kanga, fulana, sukari, pilau la mkutano. Tanzania tulikuwa hadi na sheria ya takrima, mpaka Mahakama Kuu ikaitengua mwaka 2006. Huku mpiga kura hapewi kitu. Kumlipa ili akupigie ni kosa la jinai. Pesa inampita juu ya kichwa, inakwenda kwa mgombea, kwa chama, kwenye matangazo ya televisheni. Na karibu yote inapita kihalali, ina risiti, na mwanasheria kakaa pembeni.

Mlango wa mbele una kufuli, tena zuri tu. Kwa uchaguzi wa 2025 na 2026, mtu mmoja anaruhusiwa kumpa mgombea wa Bunge la shirikisho dola 3,500 kwa kila uchaguzi. Kura za mchujo zinahesabiwa peke yake na uchaguzi mkuu peke yake, kwa hiyo jumla 7,000. Kampuni hairuhusiwi kumchangia mgombea huyo moja kwa moja hata senti moja, na katazo hilo ni la tangu 1907. Ukiishia hapo utasema wenzetu wamejipanga. Sasa tuzunguke nyuma ya nyumba.

Nyuma kuna harambee ya pamoja. Mgombea, chama cha taifa na vyama vya majimbo wanaunda kamati moja, tajiri anaandika hundi moja, kamati inawagawia. Zamani sheria iliweka ukomo wa jumla ya anachoweza kutoa mtu mmoja kwa wagombea na vyama vyote. Mahakama ya Juu ikaufuta mwaka 2014, kesi ya McCutcheon. Kilichobaki ni ukomo wa kila mpokeaji, na wapokeaji unaweza kuwaongeza upendavyo. Chukua kalamu tupige hesabu kwa viwango vya 2024. Mgombea 6,600. Chama cha taifa 41,300. Chama hichohicho kina akaunti tatu maalumu, ya mkutano mkuu, ya jengo na ya mawakili, kila moja 123,900. Halafu kila chama cha jimbo 10,000. Weka majimbo 40. Umeshafika dola 819,600, hundi moja, mkono mmoja. Ndiyo maana kamati ya Trump mwaka huo ilipokea hadi zaidi ya laki 8 kwa mtu mmoja, na ya Biden zaidi ya laki 9. Hakuna aliyevunja sheria.

Halafu kuna Super PAC, yaani kikundi kinachokusanya na kutumia pesa za kampeni bila ukomo, kikiwa kando ya mgombea. Wengi wanasema zimeletwa na kesi ya Citizens United ya Januari 2010. Nusu kweli. Kesi hiyo iliruhusu kampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia pesa bila ukomo, mradi wasishirikiane na mgombea. Kilichozaa Super PAC yenyewe ni hukumu ya SpeechNow, mahakama ya rufaa ya Washington, Machi mwaka uleule: kikundi kinachotumia pesa kivyake kinaweza pia kupokea bila ukomo. Kwa mlango huo Elon Musk aliweza kutumia zaidi ya dola milioni 250 kwenye uchaguzi wa 2024.

Hilo sharti la kutoshirikiana ndilo linalochekesha. Fungua tovuti ya mgombea, tafuta ukurasa wenye kisanduku cha mstari mwekundu. Ndani kumeandikwa hivi: wapiga kura wa eneo fulani, wanawake wa umri fulani, wanahitaji "kuona" au "kusikia" jambo fulani. Hayo hayaandikwi kwa ajili yako wewe mwananchi. Anayelengwa ni mtu wa Super PAC, asome kisha akatengeneze tangazo. Akisema kuona, maana yake weka kwenye televisheni. Hakuna aliyempigia simu mwenzake! Mwaka 2014 kampeni ya seneta Mitch McConnell iliweka mtandaoni video ya zaidi ya dakika mbili ambayo haongei neno: anatabasamu, anakaa mezani, anatabasamu tena, muziki unapiga. Malighafi hiyo, jichukulieni. Na Machi 2024 Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, wanayoiita FEC, ikalegeza zaidi: kazi ya kugonga milango nyumba kwa nyumba, kampeni na Super PAC wanaweza kuipanga pamoja.

Kuna jambo watu hawalijui hapa. Dola ya Super PAC ni dola dhaifu. Siku 45 kabla ya mchujo na siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu, kituo cha televisheni kinalazimika kumuuzia mgombea muda kwa bei ya chini kabisa kinayomtoza mteja yeyote wa muda wa aina hiyo. Super PAC haina haki hiyo. Inalipa bei ya soko, na wiki za mwisho bei inapaa. Kwa hiyo mgombea bado anazitafuta zile 3,500 kwa udi na uvumba.

Anazitafuta kwa simu. Sheria inakataza kuchangisha ndani ya majengo ya serikali, basi wabunge wanatoka ofisini, wanatembea hadi jengo la chama karibu na Bunge, wanakaa kwenye kijichumba chenye simu na orodha ya majina. Januari 2013 ilivuja ratiba ambayo chama cha Democratic kiliwapa wabunge wapya: kwa siku, saa nne za kupiga simu za michango, saa mbili za kamati na ukumbini. Kwangu mimi hii ni mbaya kuliko Super PAC zote. Mtu aliyechaguliwa na watu zaidi ya laki 7 anashinda akiongea na wenye uwezo wa kutoa elfu tatu, halafu tunashangaa matatizo anayoyajua ni ya kwao.

Ushawishi wenyewe unafanyika baada ya kura. Kampuni, vyama vya biashara na mashirika yanatumia zaidi ya dola bilioni 4 kwa mwaka kuwalipa washawishi Washington. Tazama dawa. Sheria ya 2003 iliyowapa wazee bima ya dawa iliikataza serikali kujadili bei na watengenezaji. Mnunuzi mkubwa kupita wote, kafungwa mdomo! Mbunge Billy Tauzin, mmoja wa waliosukuma sheria hiyo, alitoka Bungeni mwanzoni mwa 2005 akaenda kuongoza chama cha watengenezaji dawa. Katazo lililegezwa mwaka 2022, na bei mpya za dawa 10 za kwanza zikaanza Januari 2026. Piga hesabu ya miaka mwenyewe.

Wasomi wawili, Martin Gilens na Benjamin Page, walichapisha utafiti mwaka 2014 uliopitia masuala 1,779 ya sera. Waliona kuwa matakwa ya mwananchi wa kawaida, ukiyatenganisha na ya matajiri na makundi ya kibiashara, karibu hayana nguvu yoyote. Wenzao waliwapinga wakisema mara nyingi tajiri na mtu wa kati wanataka kitu kilekile. Sawa. Lakini kima cha chini cha mshahara cha shirikisho ni dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009, na asilimia 1 ya juu wanashika karibu asilimia 30 ya utajiri wa kaya zote, huku nusu nzima ya chini wakigawana kama asilimia 2 na nusu.

Je, pesa inashinda daima? Haishindi. Bilionea Michael Bloomberg alitumia zaidi ya dola bilioni moja zake mwenyewe kwenye mchujo wa urais wa chama cha Democratic wa 2020 akashinda kwenye visiwa vya American Samoa tu. Na New York City wana mpango wa kuongezea: mkazi akimpa mgombea umeya dola 10, mji unaongeza 80. Inaongezwa kwenye dola 250 za kwanza tu, na mgombea lazima kwanza awe na wachangiaji 1,000 na dola 250,000, tena akubali ukomo wa matumizi. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala aliyegombea umeya, aliufikia ukomo wa mchujo mapema 2025 akawaambia watu basi, msitume tena. Akashinda, ingawa Super PAC za wapinzani wake zilimwaga mamilioni. Ila mpango una tundu lake: mtu anaweza kuwagawia wengine pesa wachangie kwa majina yao, na mji ukaziongeza mara nane. Mwaka huohuo meya aliyekuwepo, Eric Adams, alikuwa ameshanyimwa nyongeza hiyo na bodi ya fedha za kampeni.

Ukitaka kuchungulia, ukiwa hata Tanga, ingia fec.gov, sehemu ya data za fedha za kampeni, chagua michango ya watu binafsi. Usitafute kwa jina la mtu kwanza, majina yanaandikwa ovyo. Tafuta kwa mwajiri, panga kuanzia kiasi kikubwa. Mchangiaji anaorodheshwa akipita dola 200. Ukikuta jina la shirika lisilo la faida limeipa Super PAC mamilioni, hapo umegonga ukuta: shirika hilo halilazimiki kutaja aliyelipa. Na usitegemee FEC ikufukulie. Ina viti sita, inahitaji kura nne kuanzisha uchunguzi, na Mei 2025 walibaki makamishna watatu.

La mwisho ni kwa wenye ndugu huku. Mwenye grinikadi hapigi kura ya shirikisho, lakini kuchangia anaruhusiwa. Mjini Seattle anapewa hata vocha nne za dola 25 ampe mgombea wa mji amtakaye. Mwenye viza ya masomo au ya kazi haruhusiwi kutoa hata dola moja, kwa mgombea wa ngazi yoyote. Akimpa rafiki yake raia pesa aitume kwa jina lake, hapo makosa ni mawili, na rafiki naye yumo. Kujitolea kupiga simu au kubandika mabango bila kulipwa, hilo ruksa.