Doa moja lililohama

Mhadhara uliotolewa Mwanza, Juni 19, Siku ya Selimundu Duniani

Haya, naona nyuma watu bado wanaingia, ingieni tu jamani, na nyie vijana wa mbele sogeeni huyo mama mwenye mtoto mgongoni apate kukaa. Karibu mama. Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo.

Nimepewa dakika arobaini na mwenyekiti ameshaniwekea saa hapa mezani kwa sababu ananijua. Nimeombwa nizungumzie maisha na kazi za profesa mmoja wa baiokemia, yaani kemia ya vitu hai, nimekubali, ila nasema mapema kwamba nampitia profesa huyo ili nifike kwenye jambo langu, lile lile, nimelisema Kirumba, nimelisema Sengerema, nimelisema hadi kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa dada yangu. Kila mtoto anayezaliwa Kanda ya Ziwa apimwe selimundu kabla hajafikisha mwezi. Kila mtoto, sio yule anayeonekana mgonjwa tu.

Sikoseli, ndiyo hiyo selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, kwa undani sielezi, humu ndani hakuna asiye na ndugu au jirani mwenye nayo.

Profesa mwenyewe ni Vernon Ingram. Kazaliwa 1924 Breslau, mji uliokuwa Ujerumani siku hizo, leo uko Poland. Enzi za Hitler familia yake ikakimbilia Uingereza. Kwa hiyo huyu ni mtoto mkimbizi, na wakati wa vita kuu ya pili mchana yuko kiwanda cha dawa anafanya kazi, jioni yuko darasani Birkbeck, chuo cha London kinachojulikana kwa kufundisha watu baada ya kazi. Hivyo hivyo mpaka akapata shahada ya uzamivu 1949. Nalisema hili kwa ajili ya vijana wa maabara wanaokuja ofisini kwangu wananiambia mwalimu mimi nimechelewa, nina kazi, nina familia. Hujachelewa.

1952 akaingia Cambridge, maabara ya fizikia ya Cavendish, kwa Max Perutz, ambaye alikuwa amehangaika miaka na miaka kutafuta umbo la hemoglobini, ile protini ya kwenye damu inayobeba oksijeni. Na Ingram hakuajiriwa kwa ajili ya sikoseli hata kidogo, aliajiriwa kusaidia kupachika atomu za zebaki kwenye hemoglobini ili picha za eksirei zisomeke. Zebaki hii hii ambayo wachimbaji wetu Geita wanaikanda na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu, na hilo nalo lina mhadhara wake, siku nyingine.

Sasa kilichokuwa kinajulikana ni hiki. 1949 kule Marekani mkemia Linus Pauling na wenzake walichukua hemoglobini ya mtu mzima wa afya na ya mgonjwa wa sikoseli wakazipitisha kwenye umeme, zikakimbia kwa mwendo tofauti. Kwa hiyo kuna kitu kimebadilika kwenye molekuli yenyewe. Lakini wapi? Hemoglobini moja ina amino asidi 574, hivyo ni vijenzi vya protini, zimepangwa katika nusu mbili zinazofanana. Ni kama nikupe mkeka mzima nikwambie kuna ukindu mmoja umesukwa vibaya, tafuta.

Ingram akasema simalizi mkeka mzima. Akachukua tripsini, ni kimeng'enya cha kwenye kongosho, kazi yake kumeng'enya protini tunazokula, na uzuri wake hakikati ovyo, kinakata baada ya amino asidi mbili tu, lisini na arginini, basi. Ukiitia tripsini kwenye hemoglobini unapata vipande vile vile kila mara, vichache tu, kama thelathini hivi. Afu akafanya kitu ambacho nyie mlishakifanya kidato cha kwanza, ile ya kudondosha wino kwenye karatasi ya kuchujia na kuacha maji yapande, rangi zikaachana. Ndio hiyo hiyo! Akadondosha tone la vipande vyake kwenye karatasi kubwa iliyoloweshwa, akapitisha umeme, vipande vikatawanyika kufuata chaji zao. Karatasi ikakauka, akaigeuza, akaacha kimiminika kikipanda kutoka upande wa pili. Bado huoni kitu, karatasi nyeupe. Unapuliza ninihidrini, dawa inayozitia rangi amino asidi, unaiweka karatasi kwenye joto, unasubiri, na taratibu yanaanza kutokea madoa ya zambarau, moja, jingine, jingine, mpaka karatasi imejaa. Nimeifanya hiyo kwa mikono yangu nikiwa mwanafunzi na vidole vilikaa na zambarau siku nne, kwa sababu ninihidrini inakamata hata amino asidi za kwenye jasho.

Karatasi ya mtu mzima wa afya huku, ya mgonjwa huku. Doa kwa doa zinafanana. Isipokuwa moja. Doa moja limehama.

Hiyo ni 1956. Mwaka uliofuata akakikata kile kipande kimoja mpaka akafika kwenye jibu: palipotakiwa kukaa asidi ya glutamiki imekaa valini. Basi. Ugonjwa wote mnaoujua nyie, usiku wote ule wa kulia mifupa, ni amino asidi moja. Na ilikuwa mara ya kwanza duniani mtu kuonyesha kwamba kosa la jeni, ile chembe ya urithi tunayopewa na wazazi, linatokea kwenye protini kama badiliko la amino asidi moja, kila mnachosikia leo kuhusu jeni kina deni kwa ile karatasi.

Mtu ataniuliza, mwalimu amino asidi moja katika kila nusu ya hemoglobini inaua vipi? Swali zuri. Asidi ya glutamiki ina chaji, inakaa na maji vizuri. Valini ina tabia ya mafuta. Wote mmepika mchuzi wa sato hapa, ukiuacha kidogo vijimafuta vinaelea, kimoja kinakutana na kingine vinaungana, vinayakimbia maji. Hemoglobini ikishaachia oksijeni, ile valini inatafuta pa kujificha, inapapata kwenye hemoglobini ya jirani, na ya jirani inashika inayofuata, mpaka inakuwa fito ndefu ngumu ndani ya seli. Seli iliyokuwa laini ya duara inakunjika kama mundu, inakwama kwenye mshipa mwembamba. Mbele ya hapo damu haipiti. Ndio maumivu.

Sasa hapa naomba mnivumilie, mwenyekiti usiangalie saa.

Kuna maneno yananichosha, nayasikia kila ninapokwenda, kwamba sikoseli ni laana ya ukoo. Hebu tuyamalize leo. Sampuli ya hemoglobini ya sikoseli pale Cambridge ilitoka kwa Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya. 1949 akiwa bado anasoma udaktari alizunguka Kenya kupima watu damu, akakuta ajabu: pwani wanaobeba jeni hili wengi, pembeni ya ziwa upande wa Kisumu wengi, kule juu kwenye baridi wachache sana. Watu tofauti, lugha tofauti, mila tofauti. Kinachofanana ni nini? Mbu! Palipo na malaria kali ndipo jeni hili lipo. 1954 akaonyesha kwamba mwenye jeni moja tu, sio mgonjwa, mbebaji, malaria haimpati kwa ukali ule ule. Baadaye alipima hadi Musoma hapo. Kwa hiyo tunalo kwa sababu babu zetu waliokuwa nalo ndio waliopona malaria ya ziwa hili wakabaki kutuzaa sisi. Hakuna aliyemlaani mtu.

Na nitawaambia kwa nini nalishikilia hili. Mimi ni mtoto wa Ukerewe. Nilikuwa na mdogo wangu, ananifuata mimi. Alipofikisha kama miezi saba mikono yake na miguu ikavimba, vidole vimejaa vinang'aa kama ndizi changa, ukivigusa anapiga kelele. Mama akawa anavikanda kwa majani ya moto, mimi namshikilia kichwa. Ikapoa, ikarudi, ikapoa. Akatembea akiwa amechelewa. Nilikuwa nikimbeba mgongoni kwenda naye ziwani, na alikuwa mwepesi, yaani unajua umebeba mtoto wa miaka minne lakini mgongo unakwambia wa miwili. Homa moja ya siku mbili ikamchukua. Pale nyumbani ikasemwa ni bibi, mama yake baba, kwamba hakuitaka ile ndoa. Mama akaamini. Kuanzia siku ile Mama hakula tena chakula kilichopikwa na bibi, tulikaa boma moja, mafiga mawili, moshi miwili, miaka kumi na nane.

Nikaenda chuo Dar. Mwaka wa pili, vitendo vya baiokemia, tunapitisha hemoglobini kwenye umeme, mwalimu anasema kila mtu atoe tone la damu yake. Za wenzangu zilikuja na mstari mmoja. Yangu mistari miwili. Nikasimama pale na kile kipande mkononi nakiangalia, A ya kawaida na S ya sikoseli, wenzangu wanaosha vyombo wanaondoka. Mmoja wa wazazi wangu amenipa hii S. Na kama mdogo wangu alikuwa vile nilivyokuwa nafikiri, basi wote wawili wanayo, baba na mama, sawa kwa sawa.

Likizo nikapanda meli ya Nansio, nikamkalisha Mama, nikamchorea chini kwa kijiti. Mama ana hizi mbili, Baba ana hizi mbili, mtoto anachukua moja huku moja huku. Alinisikiliza kimya mpaka mwisho akaniuliza, kwa hiyo sio bibi yako? Nikamwambia sio bibi. Bibi alikuwa ameshafariki miaka miwili nyuma. Mama alinyanyuka akaenda kukaa kaburini kwake mpaka jioni, na hatukumfuata.

Kipimo kile kilikuwepo duniani kabla mimi sijazaliwa.

Haya. Naenda haraka sasa, dakika zimeniishia.

Wanaosema mwalimu unavunja ndoa za watu: sijamwambia mtu asioe. Wabebaji wawili wakipendana waoane, ila wajue kila mimba ina robo ya uwezekano wa mtoto mgonjwa. Kila mimba. Juzi tu baba mmoja ananiambia sisi tumepata watatu wazima kwa hiyo imeshapita. Haijapita baba, mimba haikumbuki ile iliyotangulia.

Wanaosema ni wachache: zilishapimwa sampuli za watoto wachanga zaidi ya 17,000 za kanda hii, hapo hospitali ya Bugando, matokeo yakatoka 2018. Mtoto mmoja kati ya kila watano ni mbebaji, na kama mmoja katika kila 100 ni mgonjwa. Hesabuni watoto wanaozaliwa mtaani kwenu.

Wanaosema tusubiri dalili: hapo ndipo baiokemia inapowakatalia kabisa. Mtoto anazaliwa na hemoglobini ya tumboni, ile haina hili kosa, inamlinda miezi ya mwanzo. Ananyonya, ananenepa, mnafurahi, na huku inapungua inapisha ile nyingine. Dalili zikija bakteria wameshapata mlango. 1986 Marekani walionyesha kwamba penisilini ya kila siku kwa watoto hawa inapunguza maambukizi makali ya bakteria wa nimonia kwenye damu kwa asilimia 84. Penisilini! Ila utampaje usipojua kuwa ni mgonjwa? Na dawa ya haidroksiurea ndio hiyo hiyo hoja, inairudisha ile hemoglobini ya tumboni, imejaribiwa kwa watoto Uganda, Kenya, Kongo, Angola, ikapunguza maumivu, na malaria na vifo pia. Bei yake nilitaka tuongee kirefu, basi, naruka.

Na wanaosema hela hakuna: tumejenga daraja la kilomita 3 kutoka Kigongo mpaka Busisi, juu ya maji, tumelivuka. Nchi iliyoweza nguzo zile inaweza tone la damu kwenye kisigino cha mtoto. Siku hizi kuna kipimo cha kidole, jibu ndani ya dakika kumi na kitu, muuguzi wa zahanati ya kisiwani anakifanya bila umeme.

Ingram nimemwacha njiani. 1958 alihamia Marekani, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, MIT, akafundisha huko mpaka uzeeni, akaandika jinsi jeni za hemoglobini zilivyotokana na jeni moja la kale, baadaye akageukia ugonjwa wa Alzheimer, ule wa wazee kupoteza kumbukumbu, akafariki 2006. Nilikuwa na karatasi tatu za hiyo sehemu, atakayezitaka anione.

Wauguzi wapo pale nje chini ya mwembe, na vipimo wanavyo. Tunaanza na watoto chini ya mwaka mmoja, huyo mama mwenye mtoto mgongoni aende wa kwanza, mpisheni. Wachumba mje pamoja wote wawili, sio mmoja anampimia mwenzake. Majibu anapewa mwenyewe kwa siri, na atakayekutwa na mistari miwili aje pale kwenye benchi nilipo, nitamchorea.