Pamba juu ya mti, theluji dirishani

(Mhadhara kwa jamaa wa Afrika Mashariki waishio Brooklyn Park, Minnesota, Marekani, Jumamosi ya kwanza ya Januari)

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wengine, hamjambo? Najua wapo hapa waliotoka zamu ya usiku wakaja moja kwa moja bila kulala. Asanteni sana.

Nianze na pamba. Kwetu Wundanyi, juu kwenye milima ya Taita, baba alikata tawi la mti ambao sisi watoto tuliuita mkrismasi, akalisimamisha kwenye debe la mchanga pembeni mwa sebule. Mama alikuwa ameshafua vitambaa vya viti na kuvitia wanga, vimekauka kau. Sisi tulikoroga gundi ya unga wa ngano, tukabandika minyororo ya karatasi za rangi, tukapuliza baluni hadi mashavu yakauma. Mwisho kabisa mama alifungua bunda la pamba, akawa anainyofoa kidogo kidogo, anaivuta kwa ncha za vidole mpaka inakuwa nyembamba kama utando wa buibui, ndipo anaitandaza juu ya matawi. Tulikuwa tunatengeneza theluji. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona.

Desemba hii nimefanya vivyo hivyo na wanangu. Kitinda mimba akatazama dirishani, theluji imejaa uani, akaniuliza: "Mama, mbona unaweka ya uongo na ya kweli iko pale?" Nikamwambia hii ndiyo theluji ya bibi yako. Akanyamaza, kisha akaomba kipande avute mwenyewe.

Sasa niwaambie kuhusu Januari yangu ya kwanza hapa. Sikukuu iliisha, wageni wakarudi makwao, nikashusha mapambo yote siku moja, nikayatia kwenye maboksi. Baada ya hapo nikawa mtu wa kulala. Nilikuwa nalala saa kumi mfululizo na bado naamka nimechoka. Nilitamani mkate na viazi tu. Simu ya mama ikilia naiangalia mpaka inanyamaza. Nikajiona mtu asiye na shukrani: kazi ninayo, watoto wanasoma, nalia nini? Dada mmoja akaniambia niongeze maombi. Nikaongeza, na mpaka leo naomba. Lakini kulikuwa na jambo ambalo wala yeye wala mimi hatukulijua.

Taita jua halitutupi, mwaka mzima mchana ni wa karibu saa 12. Hapa, tarehe 21 Desemba, mchana hauifikii hata saa 9: jua linachelewa hadi karibu saa mbili asubuhi, na mnamo saa kumi na nusu jioni linazama. Tena asubuhi huzidi kuchelewa mpaka siku hizi za mwanzo wa Januari, wakati ule ule tunapozima taa za Krismasi. Mwili una saa yake, na saa hiyo hupangwa na nuru inayoingia machoni. Nuru ikipungua, mpangilio wa usingizi unavurugika, na moyo nao unazama.

Aliyeieleza kitaalamu hali hii ya huzuni ya majira ya baridi, pamoja na wenzake, ni daktari Norman Rosenthal, mwaka 1984. Mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyehamia New York miaka ya 1970, na majira ya baridi ya kule aliyasikia mwilini mwake. Kila nikikumbuka hilo napata faraja. Mgeni kutoka kwenye jua, kama sisi, ndiye aliyetambua.

Tiba mojawapo ni taa maalumu yenye mwanga wa lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwangaza). Unaketi mbele yake kama dakika 30 asubuhi, macho wazi lakini hulikodolei balbu, unakunywa chai yako. Mwenye ugonjwa wa macho, au anayepandwa na kushukwa na hisia kupita kiasi, amuone daktari kwanza. Watu wa zamu za usiku nanyi ulizeni saa inayowafaa, maana ukiitumia ukirudi kazini itakunyima usingizi. Tokeni nje mchana pia. Hata mawingu yakitanda, nuru ya nje inaishinda ya sebuleni. Na mwambieni daktari apime vitamini D, kwa sababu jua la baridi la huku halitoshi ngozi kuitengeneza, na ngozi yetu nyeusi huhitaji jua zaidi.

Akitokea mtu anasema afadhali nisingekuwepo, msimwache peke yake na msimhubirie. Pigeni 988, namba ya hapa Marekani ya kumsaidia mtu anayefikiria kujiua, au tumeni ujumbe kwa namba hiyo hiyo, usiku na mchana.

Nyumbani kwangu hatushushi tena mapambo kwa siku moja. Mti unatoka tarehe 6 Januari, lakini taa za dirishani zinabaki mpaka Februari iishe. Jumapili jioni tunarudi mezani na unga, karatasi na gundi, sote, hata yule kijana wangu mkubwa anayejifanya hataki. Nilikuja kugundua kwamba nilichokikosa Januari ile ni mikono ya watu wangu karibu na yangu, kuliko hata mti wenyewe.

Taa ninayotumia nimekuja nayo, hii hapa. Mzee wangu wa pale mbele, karibu uketi kwanza, kisha tuulizane maswali.