Kompyuta ya Pili Inapogoma

Habari za jioni. Wa nyuma mnanisikia? Sogeeni basi, maana nina waya wa kuwaonyesha na ni mwembamba.

Simu nyingi ninazopigiwa ziko hivi: "Fundi, kompyuta ya baba inapata intaneti, ya mtoto haipati, na zote zimechomekwa kwenye ruta moja." Na mwenye simu keshaamua kwamba ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti nyumbani, imekufa, anataka kujua bei ya mpya. Ruta haijafa. Ingekuwa imekufa, ya baba nayo ingelala. Chomoa waya wa baba kwenye kompyuta yake, ukiwa bado kwenye tundu lake la ruta, uchomeke kwenye kompyuta ya mtoto. Ikishika, shaka inabaki kwenye waya wa mtoto au tundu lake. Isiposhika, fungua macho kwenye kompyuta yenyewe.

Lakini jaribio hili nalo hudanganya, na ndiyo sababu nimebeba huu waya. Niliutoa chini ya mlango wa nyumba moja. Kwenye kompyuta ya mtoto ulikuwa unagoma, taa inawaka na kuzima. Tukauhamishia kwa baba, ukafanya kazi vizuri! Fundi aliyenitangulia akasema waya mzima, akauza kadi mpya ya mtandao, ile sehemu ya kompyuta inayopokea waya. Kadi mpya nayo ikagoma.

Nimeuchuna, tazameni. Nyuzi 8, zimesokotwa mbilimbili, jozi 4. Huu wa kahawia umekatika. Mlango uliubana kila siku mpaka ukaachia. Kompyuta ya baba ni ya zamani, kadi yake ni ya megabiti 100 kwa sekunde, na kasi hiyo hupita kwenye jozi 2 tu, ya chungwa na ya kijani. Ya mtoto ni ya gigabiti, yaani megabiti 1000, nayo inataka jozi zote 4. Kadi nyingine zikikosa jozi hushuka zenyewe hadi 100. Hizo mbili za mtoto, ya kwanza na mpya, hazikushuka. Kwa hiyo wote wawili walisema kweli, baba na mtoto, na yule fundi akala hela ya bure.

Sasa taa ikiwaka imara na bado hakuna kitu, twende kwenye anwani, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig. Ukiona anwani inaanza na 169.254, kompyuta imeita "nipeni anwani", haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Rudi kwenye waya, au uwashe upya ruta, kwani ndiyo inayogawa.

Ukiona anwani nyingine kabisa, isiyofanana na ya ruta, uliza kompyuta imetoka wapi. Za mtumba kutoka maofisini zinakuja na tabia za ofisini. Niliwahi kukuta moja mtu ameiwekea mwenyewe anwani isiyobadilika, 192.168.10.25, na ruta ya nyumba ni 192.168.1.1. Waya mzima, taa nzuri, lakini ni kama mpangaji anayepeleka kodi kwa mwenye nyumba wa zamani. Nikaweka ipokee anwani yenyewe, dakika mbili kazi imekwisha. Nikaona aibu kutaja bei.

Anwani ikiwa sawa, piga ping, yaani amri ya kuuliza "upo?", kwenda kwenye ruta kwanza. Ikijibu, piga 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Nayo ikijibu, jaribu jina la tovuti. Namba ikijibu na jina likagoma, kasoro iko kwenye DNS, yaani kule majina yanakogeuzwa kuwa namba. Msiguse waya hapo.

La mwisho, maana naona watu wanatazama saa: matundu ya ruta yakiwa hayatoshi, swichi, kile kisanduku cha kuongeza matundu, ikae baada ya ruta, upande wa kompyuta. Ukiiweka kabla, upande wa waya unaotoka nje, kompyuta ya pili mara nyingi itakosa anwani, kwa sababu kampuni ya intaneti kwa kawaida humpa mteja moja tu.

Haya, nani ana laptopu yenye tundu la waya? Wewe dada, ilete mbele. Tuchomeke huu uliokatika tuone taa inasemaje.