Kionjo na Sinia: Wachezaji Wazihakiki Demo za Gemu?

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Swali letu jioni hii ni hili: mtu aliyecheza demo tu, yaani kionjo cha bure cha gemu, na gemu yenyewe haijatoka, aruhusiwe kuandika maoni yake dukani hadharani? Nasema aruhusiwe, ila maoni yake yawe na daftari lake, yasichanganywe na ya gemu kamili.

Ukienda kununua halwa Mji wa Kale, muuzaji hukumegea kipande uonje, na kipande hicho kimetoka sinia ile ile utakayopimiwa. Demo haiko hivyo. Mara nyingi watengenezaji huikata kutoka toleo la miezi kadhaa nyuma, wakaifunga, kisha wakaendelea na kazi. Kasoro unayoilalamikia leo huenda walishaiondoa. Kinyume chake hutokea pia: dakika 40 za mwanzo zimesuguliwa zikang'aa, sura ya tatu bado ni kuta tupu.

Kuna wasemao: demo ni bure, mchezaji alalamikia nini? Ni bure dukani, si bure kwa mtu wa Kisauni, Mombasa. Demo ya gigabaiti 6 kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua dakika 80 kushuka, na bando hilo mtu kalilipia. Akikuta gemu haifunguki kwenye kompyuta yenye ramu ya gigabaiti 8, ana haki ya kumwonya mwenzake asipoteze lake.

Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, waliifungua njia hii Julai 2024. Mtengenezaji anaweza kuipa demo ukurasa wake, na hapo wachezaji huandika maoni ya demo yenyewe, hesabu yake ikiwa mbali na ya gemu. Nawasihi watengenezaji mlio hapa mufungue ukurasa huo, lakini muijue hesabu yake. Alama ya jumla haionekani mpaka maoni yafike 10. Yakiwa 10, na 7 yanasifu, ni asilimia 70, na duka litaandika kwamba wengi wamependa. Akija mmoja akakosoa, 7 kwa 11 ni asilimia 63 na ushei, na umeteremka hadi "mchanganyiko". Mtu mmoja tu! Tena demo huvuta watu ambao gemu ya aina hiyo hawangeinunua kamwe. Vidole gumba chini vyao, yaani maoni ya kukosoa, vitakuja, na si vya kukufanya ubomoe kazi yako.

Kwa mchezaji, maoni yenye faida hutaja namba ya toleo, prosesa, kadi ya picha, ramu, fremu kwa sekunde (picha ngapi skrini huonyesha kila sekunde) na dakika ulizocheza. Neno "inakwama" peke yake halimsaidii mtu. Lakini ukiandika "inakwama niingiapo chumba kipya mara ya kwanza, mara ya pili haikwami", umempa mtengenezaji pa kuanzia: huenda sheda, programu ndogo za kuchora mwanga na rangi, zinatayarishwa mchezo ukiwa unaendelea, badala ya kutayarishwa kabla. Kama ni laputopu, pima mwendo dakika ya 5, kisha dakika ya 30. Prosesa ikishika moto hujipunguzia kasi yenyewe, na kwa joto letu la Pwani, chumba kisicho na feni, hali hiyo huja mapema. Urefu wa gemu, mwisho wa hadithi na uimara wa seva usivitolee hukumu, demo haijakuonyesha. Demo ikibadilishwa, rudi uhariri ulichoandika.

Wengi wenu mwachezea simu, na huko mambo ni tofauti. Google Play, programu ikiwa bado katika majaribio ya wazi, maoni yako humfikia mtengenezaji peke yake. Apple hawapokei demo App Store. Majaribio hupitia TestFlight, programu yao ya kujaribia, ambako toleo moja huishi siku 90, na wajaribuji wa nje hawazidi 10,000. Kwa hivyo mwandikie mtengenezaji mapema, umtajie modeli ya simu, toleo la mfumo wake, na nafasi iliyobaki kwenye hifadhi.