Sauti na Picha Zinapopishana: Tafuta Chanzo Kabla ya Kugusa Mipangilio

Wakubwa shikamooni. Mafundi wenzangu wa Mwanza, habari za jioni.

Mada yetu ni kompyuta ya sebuleni, ile inayochomekwa kwenye runinga kwa ajili ya filamu. Mteja anakuja na neno moja tu: "Sauti haiendi na picha." Msimguse mtu mipangilio yake kabla ya kujua jambo moja: je, tofauti ni ile ile tangu filamu inaanza hadi inaisha, au inakua?

Kulijua ni rahisi. Tazama dakika ya 2, kisha ruka moja kwa moja hadi dakika ya 80. Tofauti ikiwa ile ile, mara nyingi kosa liko kwenye njia ambayo sauti na picha zinapita. Ikiwa imekua papo hapo baada ya kuruka, kosa liko ndani ya faili. Na ikiwa kurudi nyuma sekunde 10 kunaiponya, halafu baada ya muda inarudi, faili ni zima. Mashine ndiyo inayoshindwa.

Sikio letu halihukumu pande zote mbili sawa. Ukisimama mita 170 kutoka kwa fundi mitumbwi pale Mwaloni Kirumba, utaona nyundo inatua, na mlio utakufikia nusu sekunde baadaye, wala hushangai. Ila mlio kuitangulia nyundo hujapata kuuona. Ndiyo maana pendekezo la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, la mwaka 1998, BT.1359, linasema mtazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia kwa milisekunde 45, lakini ikichelewa huvumilia hadi kama 125. Mkikosa shabaha, kosea upande wa kuchelewa.

Tuanze na tofauti isiyobadilika, maana ndiyo nyingi. Sebule ya kawaida ina kompyuta, waya wa HDMI hadi kwenye runinga, na sabufa pembeni. Sabufa ikichomekwa kwenye kompyuta kwa tundu la milimita 3.5, sauti inatoka hapo hapo, huku runinga bado inalainisha picha. Kazi hiyo peke yake yaweza kula milisekunde 100. Sauti inatangulia. Weka runinga kwenye hali ya Game na uzime ulainishaji wa mwendo. Au hamisha waya wa sabufa uende kwenye tundu la sauti la runinga yenyewe, kwa sababu runinga nyingi huchelewesha sauti ili ifuatane na picha yake.

Sabufa ikiunganishwa kwa Bluetooth, mambo yanageuka: sauti inachelewa, mara nyingi kwa milisekunde 150 hadi 250. Hapa wengi hupotea. Wanaingia kwenye runinga na kuongeza ucheleweshaji wa sauti, wanazidisha ugonjwa. Runinga inaweza kuchelewesha sauti tu, haiwezi kuiwahisha. Kompyuta inaweza, kwa sababu inasoma faili mbele na kuishikilia picha. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, herufi K huichelewesha sauti kwa milisekunde 50 kila unapobonyeza, na J huiwahisha kwa kiasi hicho hicho. Kwenye mpv, programu nyingine kama hiyo, ni Ctrl na alama ya kujumlisha au kutoa, milisekunde 100 kila hatua. Lakini waya wa shilingi chache ni dawa bora kuliko hesabu hizo zote, kwani ucheleweshaji wa Bluetooth haukai mahali pamoja.

Ukitaka kipimo badala ya kukisia, cheza video fupi yenye mwako na mlio wa pamoja, irekodi kwa simu kwa fremu (picha moja moja zinazounda video) 60 kwa sekunde, kisha ifungue kwenye programu ya kuhariri. Kila fremu ni karibu milisekunde 17. Hesabu fremu kati ya mwako na mlio.

Sasa tofauti inayokua. Filamu za sinema hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, au 23.976 kwenye diski nyingi. Televisheni zetu zilirithi 25. Mtu akichukua sauti ya toleo la 25 na kuibandika kwenye picha ya 23.976, sauti inakimbia kwa asilimia 4.27. Baada ya sekunde 10 tu imetangulia kwa milisekunde 427. J na K hazisaidii hapa. Lazima uinyooshe sauti kwa amri ya ffmpeg, programu ya kubadilisha faili za video:

ffmpeg -i filamu.mkv -c:v copy -af atempo=0.95904 mpya.mkv

Picha inanakiliwa bila kuguswa, kwa hiyo hata kompyuta dhaifu haikawii. Sauti ikizidi kubaki nyuma, weka 1.04271 badala ya 0.95904. Tofauti ikikua kwa sekunde 3.6 kwa saa, hiyo ni 24 dhidi ya 23.976, na namba ya kuweka kwenye atempo ni 0.999 au 1.001.

Video za simu zina ugonjwa wao: kasi ya fremu hupanda na kushuka. MediaInfo, programu ya kusoma taarifa za faili, itaonyesha Variable, yaani kasi inayobadilika. Zipitishe kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, ukichagua kasi isiyobadilika. Na filamu zilizotafsiriwa na madijei msizipime kwa midomo, maana mdomo na maneno havikukusudiwa kulingana. Sikilizeni mlango unapofungwa au risasi.

Mashine inayoshindwa: kompyuta nyingi za mtumba hapa mjini zina prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 4. Chipu yake ya picha haina sehemu maalumu ya kufungua HEVC, mfumo wa kubana video unaotumika sana kwenye faili za 4K, hivyo prosesa inabeba mzigo wote. Faili la 4K linaiangusha, sauti inaendelea na picha inakwama. Kizazi cha 7 kwenda juu hufungua HEVC ya biti 10 bila jasho. Kwenye VLC tazama takwimu za faili: fremu zilizopotea zikizidi kuongezeka, tatizo ni nguvu au joto. Fungua feni kwanza. Vumbi na wale wadudu wadogo wa ziwani huziba mapezi ya kupoozea, prosesa ikapunguza mwendo.

Mpira kwenye banda umiza ni kesi nyingine. King'amuzi kinapeleka sauti moja kwa moja kwenye mikisa, projekta inachelewesha picha, na kipenga kinasikika kabla refa hajainua mkono. Zima urekebishaji wa umbo la picha, projekta iwekwe sawa na ukuta kwa mkono. Ikibaki tofauti, ichelewesheni sauti kwenye mikisa, kama ina kipengele hicho, kwa hatua za milisekunde 20.